Draiva za Picha kwa Prosesa Mpya kwenye Mifumo Huria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, laptopu mpya nazo huanza kuingia. Wazazi wa Tandahimba na Newala wanawanunulia watoto wanaokwenda vyuoni, makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) wanabadilisha mashine zilizochoka, na walimu wanajipa zawadi waliyoiahirisha miaka. Wengi huniletea niwawekee Linux, na kila msimu maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa ili ukiwa Liwale au Kilwa Masoko usilazimike kupanda basi kwa tatizo la kutatua ukiwa nyumbani.

Ninaposema mifumo huria, yaani mifumo ya kuendesha kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, nina maana ya Linux kwa sura zake zote (Debian, Ubuntu, Linux Mint, Fedora), pamoja na FreeBSD na OpenBSD. Na ninaongelea zaidi prosesa (chipu kuu za kompyuta) za Intel na AMD zenye kitengo cha picha humohumo ndani, maana ndizo zilizojaa mikononi mwetu.

Nimeweka Linux kwenye laptopu mpya. Maandishi ni makubwa mno, mwanga wa kioo haupungui, feni inavuma muda wote. Imeharibika?

Haijaharibika. Inaendeshwa na picha ya dharura.

Kompyuta ikiwashwa, programu ya ubaoni iitwayo UEFI hutenga sehemu ya kumbukumbu kwa ajili ya kuchora chochote kwenye kioo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikiamka na kukuta haina draiva (programu ya kuongea na kifaa) ya kitengo chako cha picha, hutumia sehemu hiyohiyo ili usibaki gizani. Utaona picha, lakini hutaweza kubadilisha ukubwa wake wala kupunguza mwanga, na ukifunga kifuniko mashine hailali inavyotakiwa. Kazi yote ya kuchora inabebwa na prosesa kwa kutumia programu iitwayo llvmpipe. Hapo ndipo joto linapotoka, na kwa hali ya hewa yetu hii ya pwani feni haipati nafasi ya kupumua.

Mwalimu mmoja wa Nanyamba alikuja na laptopu yenye prosesa ya Intel iitwayo Core Ultra, haijamaliza hata mwezi tangu itoke Kariakoo. Nilipomwamkia tu, kabla hajakaa, akaniambia, "Marahaba fundi. Hii mashine nimeuziwa mbovu. Betri haifiki saa mbili." Niliigeuza, chini ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Kumbe ilikuwa na Debian 12, iliyowekwa kwa flashi ambayo imezunguka shuleni kwao tangu 2023. Chipu ilikuwa imezaliwa baada ya ile Debian. Tuliweka Debian 13, akakaa pale dukani akisahihisha mitihani, na kufika adhuhuri feni ilikuwa haisikiki.

Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo: linganisha mwaka wa chipu na mwaka wa mfumo unaouweka.

Kwa nini draiva haipo wakati laptopu imeshafika dukani?

Mara nyingi ipo, ila haijakufikia wewe. Tazama korosho. Mkulima kavuna, kaanika, kapeleka AMCOS. Zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, ndipo zinapakiwa bandarini Mtwara. Mtu aliyeko upande wa pili wa bahari akisema "mwaka huu hakuna korosho", anasema kweli kwa upande wake, lakini magunia yamejaa ghalani.

Draiva nayo hupita njia ndefu. Wahandisi wa Intel na AMD hutuma msimbo wao kwa watunzaji wa kerneli, mara nyingi hata kabla chipu haijauzwa. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Kisha watengenezaji wa Debian au Ubuntu huchagua kerneli moja na kuifungia ndani ya toleo lao kwa miaka, ili mambo yasiyumbe. Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15, na kerneli hiyo ni ya Oktoba 2021. Ukiichukua flashi yake ya mwanzo ukaiweka kwenye chipu ya 2024, unaitaka imtambue mtu aliyezaliwa baada yake.

Kufungia huko si kosa. Ofisi inayochapa stakabadhi za ghalani inahitaji mfumo usiobadilika katikati ya msimu. Mwenye chipu mpya ndiye anayepaswa kuchagua toleo la karibuni.

Nitajuaje kama draiva halisi inafanya kazi?

Fungua dirisha la amri, andika hii kwanza:

`lspci -nnk | grep -EA3 'VGA|3D|Display'`

Mstari wa kwanza utakupa jina la kitengo cha picha pamoja na namba kwenye mabano, kwa mfano `[8086:7d55]`. Namba 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni NVIDIA. Chini yake tafuta mstari unaoanza na `Kernel driver in use`. Ukikuta `i915`, `xe` au `amdgpu`, kerneli imefanya kazi yake. Mstari huo usipokuwepo kabisa, uko kwenye picha ya dharura.

Kisha weka kifurushi (programu iliyofungwa tayari kuwekwa) cha `mesa-utils`, uandike:

`glxinfo -B`

Kwenye mstari wa `renderer` ukisoma jina la Intel au AMD, umefika. Ukisoma `llvmpipe`, prosesa ndiyo inayochora. Fanya vipimo vyote viwili, kwa sababu cha kwanza kinaweza kupita na cha pili kikafeli. Nitaeleza kwa nini baada ya swali linalofuata.

Prosesa yangu inataka kerneli namba ngapi?

Namba ya kerneli uliyo nayo utaipata kwa `uname -r`. Kwa Intel, mimi hutumia vipimo hivi dukani.

Kizazi cha 12 na 13, laptopu zilizoanza kuuzwa 2022 na 2023, zinatosheka na kerneli 6.1, ambayo ndiyo ya Debian 12. Core Ultra za mwanzo, zilizotoka Desemba 2023, zinataka 6.7 kwenda juu, Ubuntu 24.04 yenye 6.8 inazipokea bila mabishano. Core Ultra 200V, zile za Septemba 2024, ni habari nyingine: hizo zinatumia draiva mpya kabisa iitwayo xe. Draiva hiyo iliingia kwenye kerneli 6.8, lakini ni 6.12 ya Novemba 2024 iliyoifanya iziwashe chipu hizo yenyewe, bila kulazimishwa. Kwa hiyo Ubuntu 24.04 ya flashi ya mwanzo haikufai hapo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina 6.12.

Kwa AMD, draiva ni moja, amdgpu, nayo iko ndani ya Linux tangu kerneli 4.2 ya 2015. Kuwa na jina moja kusikudanganye. Prosesa za Ryzen za kwanza zenye kitengo cha picha cha Vega ndani, za mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, zilihitaji msimbo wa kuonyesha picha ulioingia kwenye 4.15. Nakumbuka nilivyohangaika na moja yake kwa flashi ya zamani, kioo cheusi siku mbili nzima. Ryzen AI 300 zilitoka Julai 2024, baada ya Ubuntu 24.04, basi nazo zitafutie mfumo wa baada ya tarehe hiyo.

Kama una Ubuntu 24.04 na hutaki kufuta chochote, kuna kerneli mpya zaidi iliyoandaliwa kwa ajili yako:

`sudo apt install linux-generic-hwe-24.04`

Kwenye Linux Mint, fungua programu ya masasisho, nenda kwenye orodha ya kerneli, uchague. Usiifute ya zamani mpaka mpya iwe imewaka vizuri mara mbili tatu. Ikigoma, kwenye menyu ya kuwashia unarudi ulikotoka.

Nimepandisha kerneli, `i915` inaonekana, lakini glxinfo bado inasema llvmpipe!

Swali hili ndilo linalowapoteza watu wengi, hata mafundi wenzangu, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Draiva ya picha kwenye mifumo huria ni vipande viwili. Cha kwanza kiko ndani ya kerneli: kinawasha kitengo cha picha, kinagawa kumbukumbu, kinapanga ukubwa wa picha kwenye kioo. Cha pili kiko nje ya kerneli, na jina lake ni Mesa. Programu zinapotaka kuchora, huongea kwa lugha za OpenGL na Vulkan, na Mesa ndiyo inayogeuza maneno hayo kuwa amri ambazo chipu inazielewa. Mesa ni ya siku nyingi; Brian Paul aliianza 1993, Linux yenyewe ikiwa na miaka miwili. Na ndani yake kuna orodha ya namba za chipu inazozifahamu.

Ukipandisha kerneli peke yake kwenye mfumo wa zamani, kerneli itaitambua chipu lakini Mesa haitaikuta kwenye orodha yake, na itaangukia llvmpipe. Kioo kitapendeza, mwanga utapungua, lakini video itarukaruka na feni itavuma vilevile. Dawa ni kupandisha Mesa pia. Na mahali rahisi pa kupata kerneli na Mesa za rika moja ni toleo jipya la mfumo mzima. Nimewaona vijana wakiongeza ghala za programu za watu wasiowajua mitandaoni ili wapate Mesa mpya. Kwenye mashine ya kujifunzia, sawa. Kwenye mashine ya hesabu za chama cha msingi, hapana. Siku ghala hilo likiachwa bila mtunzaji, masasisho yote yanagoma.

Na hii faimuwea inayotajwa kila mahali ni nini?

Ni msimbo mdogo unaopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila unapowasha. Faili zake hukaa kwenye folda ya `/lib/firmware`. Draiva inaweza kuwepo na kuwa sahihi, lakini bila faimuwea ikashindwa kazi.

Dalili hutofautiana. Kwa Intel, ikikosekana faili yenye neno `dmc` kwenye jina lake, picha itatoka ila mashine haitajua kupumzika, betri itakwisha upesi. Ikikosekana yenye neno `guc` kwenye chipu mpya, kuchora kunarudi kwa prosesa. AMD ni mkali zaidi: bila faili zake amdgpu haianzi kabisa. Angalia hivi:

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Debian ilikuwa ikiziacha faili hizi nje ya flashi rasmi kwa sababu si huria, na watu wengi walikwama hapo. Kuanzia Debian 12, Juni 2023, zimo ndani. Ukiwa na Debian 13 vifurushi vya kuangalia ni `firmware-intel-graphics` na `firmware-amd-graphics`. Ubuntu 24.04 huweka zote kwenye kifurushi kimoja, `linux-firmware`, nacho ni kizito.

Naomba niliseme hili wazi: napenda programu huria, na ningependa faimuwea nazo zingekuwa huria. Lakini sitamwambia mwanafunzi wa Masasi aliyeuza magunia ili anunue laptopu kwamba aikose picha kwa sababu hiyo.

Fundi aliniwekea `nomodeset` na kioo kikawaka. Si limekwisha?

Halijaisha. `nomodeset` ni mkongojo. Neno hilo linaiambia kerneli isiguse draiva za picha kabisa, ibaki kwenye picha ya dharura. Linafaa pale flashi inapogoma kuwaka na unataka kuweka mfumo: kwenye menyu ya kuwashia, iitwayo GRUB, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, liongeze mwishoni, kisha Ctrl na X. Ukimaliza kuweka na kusasisha, litoe.

Karani mmoja wa AMCOS alitumia laptopu yake msimu mzima wa mnada ikiwa na neno hilo. Aliyemwekea alilipwa na hakumweleza kitu. Yule karani akazoea kubeba feni ya mezani na kuielekeza kwenye mashine. Nilifungua `/etc/default/grub`, nikalikuta limekaa mwishoni mwa mstari, nikalifuta, nikaandika `sudo update-grub`, nikawasha upya. Dakika tatu. Akaniuliza, "Ni hilo tu, kaka?" Sikujua nimjibu nini. Miezi yote ile.

Kuna mtu kaniambia nitumie `force_probe`. Nifanye?

Intel inapoweka msimbo wa chipu mpya ambao haujakomaa, huufungia kwa kufuli. `i915.force_probe=` ikifuatiwa na namba ya chipu, mfano 7d55, hufungua kufuli hilo. Kufuli lilikuwa na sababu. Jaribu ukitaka kujifunza. Kwa kazi ya kila siku tafuta kerneli ambayo kufuli limeshatolewa.

Niko Nachingwea, bando ni dogo. Nitapataje haya yote?

Usipakue vipande vipande. Linux Mint nzima ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 karibu GB 6, na ndani ya faili hiyo moja mna kerneli, Mesa na faimuwea za rika moja. Nunueni bando la usiku kwa kuchanga, mmoja apakue, flashi izunguke. Andikeni tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Flashi isiyo na tarehe ndiyo iliyomponza mwalimu wa Nanyamba.

Kama ni vifurushi vichache tu, kwenye mashine yenye mtandao na toleo lilelile la mfumo andika `sudo apt-get install --download-only` ukifuatisha na jina la kifurushi. Faili zitakaa `/var/cache/apt/archives`. Zinakili, zipeleke kwenye mashine isiyo na mtandao, weka kwa `sudo dpkg -i *.deb`.

Mei 2024 ilitufundisha. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga. Kisha tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika, mtandao ukazorota nchi nzima. Siku zile nilifanya kazi kwa flashi zilizokuwa kwenye droo.

Intel au AMD?

Kwa chipu iliyotoka mwaka huohuo unaonunua, zote zinataka mfumo mpya. Kwa chipu ya miaka miwili nyuma, zote zinakwenda vizuri. Mimi huangalia bei na betri kwanza.

Laptopu yangu ni ya mtumba, kizazi cha 4 au cha 6. Haya yananihusu?

Kidogo sana. Kerneli yoyote ya leo inazijua. Kwenye Mesa, kizazi cha 5 kwenda juu hutumia draiva ya iris, cha 4 kurudi nyuma hutumia crocus, na hutahitaji kugusa chochote. Safisha feni tu. Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi wa Mikindani na Msimbati hugandamana kama ugali.

Ina kitengo cha picha cha ziada cha NVIDIA ndani. Je?

Kwanza hakikisha kitengo cha Intel au AMD kinafanya kazi kwa vipimo vya juu. Kwa kuandika, kufundisha na kutazama video hicho kinatosha, na betri itadumu. NVIDIA ina njia zake na zinastahili ukurasa wake.

Nasoma chuo, nataka FreeBSD au OpenBSD kwenye laptopu mpya. Inawezekana?

Inawezekana, ila fahamu kwamba draiva zao za Intel na AMD zinatokana na msimbo wa Linux. Kwa hiyo chipu yako ipimwe kwa kerneli ya Linux ambayo msimbo ulitolewa.

FreeBSD huziweka nje ya mfumo wa msingi. Namba iliyo kwenye jina la kifurushi ndiyo inayokueleza: `drm-61-kmod` imetokana na Linux 6.1, `drm-66-kmod` na 6.6. Ukiwa na Core Ultra ya 2023 inayotaka 6.7, unaona mwenyewe kwamba hizo mbili hazitoshi. Kwa chipu inayokubalika:

`pkg install drm-kmod`
`sysrc kld_list+=i915kms`
`pw groupmod video -m jinalako`

Kwa AMD andika `amdgpu` mahali pa `i915kms`. Hatua ya tatu husahaulika sana, na bila hiyo mtumiaji wako haruhusiwi kugusa kitengo cha picha.

OpenBSD huziweka ndani ya mfumo wenyewe na hutoa toleo jipya kila miezi sita. Toleo la 7.6 la Oktoba 2024 lilikuwa na msimbo wa Linux 6.6, na 7.7 la Aprili 2025 lina wa 6.12. Faimuwea huletwa na `fw_update`, kwa hiyo ukiwasha mara ya kwanza uwe na waya wa mtandao.

Nikienda dukani kununua, niangalie nini?

Beba flashi yenye mfumo utakaoutumia, umwombe muuzaji aiwashe laptopu kwa flashi hiyo bila kuweka chochote. Muuzaji mwema atakubali. Ni dakika kumi. Punguza mwanga wa kioo kwa vitufe. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua. Cheza video uliyoibeba ukisikiliza feni. Mwalimu achomeke na projekta kama ipo, maana nimeona laptopu yenye kioo kizuri ikikataa kutoa picha nje. Kisha andika `lspci -nnk` na uipige picha kwa simu.

Na soma jina lote la prosesa. "Core Ultra" pekee haitoshi. Tofauti ya herufi moja mwishoni inaweza kuwa tofauti ya draiva nzima.

Nimefanya yote, bado giza. Nilete nini?

Kama unaweza kuwasha kwa `nomodeset`, hifadhi hizi kwenye flashi:

`lspci -nnk > chipu.txt`
`sudo dmesg > kerneli.txt`

Kisha izime, iwashe bila neno hilo mpaka ikwame, iwashe tena nalo, uongeze `sudo journalctl -k -b -1 > kabla.txt`. Faili hii ya mwisho inabeba maneno ya mwisho ya kerneli kabla ya giza, nayo ndiyo ninayoisoma kwanza. Ikiwa tatizo ni la draiva yenyewe, tutaliandikia watunzaji wake kwa Kiingereza, tukiwa wawili. Wanajibu, hata kwa mtu wa Mtwara. Njoo asubuhi kabla joto halijapanda, na usisahau chaja.